Alama ya Uzi Mguuni

Jumanne iliyopita aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Kitui mzee mmoja mrefu, mgongo umeanza kupinda, akasimama mlangoni mpaka nikamkaribisha mara mbili ndipo akaketi. Nyuma yake alikuja mwanamke kijana amembebea faili na chupa ya maji. Benchi la nje lilikuwa limejaa, mimi sikuwa nimekunywa hata chai, kwa hiyo sikumtazama vizuri usoni. Faili ilisema Mutua, na Ukambani kote kina Mutua ni wengi kuliko mbuzi. Nikaanza maswali yangu ya kila siku. Kikohozi kina muda gani? Mrefu. Sigara? Aliacha. Pumzi inakatika ukipanda mlima? Hata tambarare, alisema. Miguu inavimba? Hapana. Nikaandika hapana. Ndipo akakohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaniambia kwa upole, "Daktari Zuhura, wewe umenisahau. Mimi ni mkwe wa Syomiti." Kalamu yangu ilisimama. Sikuwa nimelisikia jina hilo likitamkwa na mtu mwingine kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa mimi mwenyewe hulitamka kimoyomoyo kila nikiwekewa mbele mgonjwa wa kifua asiyepata nafuu. "Kabla uniandikie dawa," akasema, "niko na swali, na nimekaa nayo sana. Yule mama alikufa na nini? Ilikuwa mapafu ama ilikuwa moyo?"

Nilimwambia anywe maji kwanza, nikajifanya ninatafuta kitu kwenye droo. Ningependa kusema kwamba nilikuwa natafuta maneno mazuri, lakini ukweli ni kwamba nilichanganyikiwa, vilevile nilivyochanganyikiwa mwaka ule mzima nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na minne, afisa wa kliniki aliyetoka chuoni juzi, katika mwaka wa mafunzo ya kazi. Watu walituita daktari, nasi hatukuwasahihisha. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ndogo, upande wa Makueni, kwenye barabara ya vumbi inayopanda kutoka Mbumbuni kuelekea milimani, na wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vinane, madirisha yaliyopakwa rangi ya samawati nusu ili wapita njia wasichungulie, na mashine moja ya oksijeni iliyonguruma mchana kutwa. Nilikuwa na stethoskopu mpya ambayo sikuivua shingoni hata nikienda dukani kununua sukari. Nikimkumbuka msichana yule namwonea aibu kidogo, na huruma kidogo, kisha aibu tena.

Syomiti alikuja kwetu mara ya kwanza mwezi wa Machi, amesindikizwa na bintiye Mbithe, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya kucheka, na alikuwa amepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu alipoolewa. Sote tulimwita mwaitu, yaani mama yetu, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri wake upande ule. Kifua chake kilipiga filimbi juu hadi chini. Nilimpa dawa ya kuvuta kwa mvuke, vidonge vya prednisolone, dawa ya kuua vijidudu, na siku ya nne akaondoka kwa miguu yake akinitania kwamba nikikosa mume Kitui atanitafutia mmoja huko kwao milimani, mwenye ng'ombe. Nilijiona bingwa. Niliandika kwenye faili yake: ugonjwa sugu wa mapafu. Hilo jina lilikuwa sahihi na bado naamini lilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kwamba nikishampa mtu jina la ugonjwa sikutaka tena kumwongezea la pili.

Mwisho wa Juni, baridi ya milimani ilipokaza, alirudishwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nje naota jua. Pikapu moja iliingia uwanjani, dereva peke yake mbele, na nyuma, juu ya magunia ya pojo, mama mgonjwa amejifunika blanketi, anahema mdomo wazi. Dereva alikuwa Mutua. Alinunua pojo kwa wakulima na kuziuza Makindu kwa wafanyabiashara wa barabara kuu. Mbithe alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, watoto wa kiume wa Syomiti walikuwa Mombasa, basi mkwe ndiye aliyebaki. Damu ilinipanda. "Wewe ni mtu wa namna gani?" nilimwambia mbele ya watu. "Kiti kiko wazi hapo mbele, na mama mgonjwa unambeba nyuma na magunia?" Mutua aliangalia chini, akasema tu, "Pole daktari." Syomiti alijaribu kusema kitu, pumzi ikamkatalia. Aliposhushwa, wahudumu wawili wakamweka kwenye machela, na mkwe akabaki nyuma akihangaika na mlango wa pikapu muda mrefu kuliko mlango unavyohitaji.

Sikuishia hapo. Mutua alitaka kungoja nje, nikamkataa. Nilihitaji mtu wa kunipa historia, maana mama alikuwa anaongea maneno mawili kisha anapumzika. "Hapa hospitali hakuna mkwe," nilimwambia, na sauti yangu ninaisikia mpaka leo. "Hapa kuna mgonjwa na mtu wake. Simama hapa." Akasimama. Alijigeuza akatazama dirisha, ile sehemu iliyopakwa rangi ya samawati ambako hakuna cha kutazama. Nami nikaanza. Unalalia mito mingapi, mwaitu? Swali hilo tulifundishwa chuoni: mtu ambaye moyo wake unashindwa kazi hujaza maji mapafuni akilala chali, hivyo huongeza mito mpaka anakaribia kukaa. Alininyooshea kidole kimoja. Mto mmoja. Nikafurahi, moyo hauna neno. Miguu inavimba? Akatikisa kichwa haraka na kuvuta blanketi mpaka chini ya kidevu. Nikamwona anaona haya, nikadhani ni haya za wanawake wa zamani mbele ya daktari, na kwa werevu wangu wote nikamwambia kwa Kiswahili safi cha Kitui mjini, "Mwaitu, mficha uchi hazai. Niambie yote." Mutua alikohoa pale dirishani. Syomiti alifumba macho. Nikaandika: miguu, hakuna uvimbe. Sikufunua blanketi.

Kesho yake asubuhi nilipokuja kusikiliza kifua, miguu yangu iligonga viatu vyake chini ya kitanda. Vilikuwa akala, vile viatu vya mpira wa tairi, vya zamani, soli imelika upande mmoja, lakini mikanda ilikuwa imeongezwa vipande vipya na misumari mipya iling'aa. Nilivisogeza kando kwa ncha ya kiatu changu ili nisimame karibu. Nakumbuka nilifikiri kwamba watu wa huku ni wabahili, wanatengeneza kiatu ambacho kingepaswa kutupwa. Kisha nikaweka stethoskopu masikioni.

Safari hii hakupata nafuu kama ya Machi. Filimbi zilipungua, pumzi haikurudi. Nikaongeza prednisolone, dawa nzuri inayotuliza mapafu, ambayo pia huufanya mwili ushikilie maji, jambo nililolijua kwa mtihani na kulisahau kwa mgonjwa. Tulimpiga picha ya kifua, nikaishika dirishani kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Moyo ulionekana mdogo, umesimama wima katikati. Nikapumua. Siku ya Alhamisi alipopita daktari mkuu, ambaye alitutembelea mara moja kwa wiki akitokea hospitali kubwa, aliitazama picha ileile akakunja uso. "Mapafu yaliyojaa hewa hivi huubana moyo na kuunyoosha," alisema. "Moyo uliopanuka unaweza kuonekana wa kawaida. Umeangalia miguu? Mishipa ya shingo?" Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nilikuwa nimeuliza, nimejibiwa, nimeandika, na katika kichwa changu hayo matatu yalijumlishwa yakawa kuangalia. Shingo yake ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kuhema hata sikuweza kutofautisha mshipa na msuli. Daktari mkuu alikuwa na wodi tatu nyingine. Alisema, "Inaweza kuwa yote mawili. Mfuatilie," akaondoka.

Jumamosi ile nilisikia kitu ambacho sikukielewa. Nyuma ya wodi kulikuwa na benchi la mbao ambapo wagonjwa waliokuwa na nguvu waliota jua, na wanawake waliofika kuwaona jamaa zao walikaa hapo na kazi zao za vyondo. Mwanamke wa Kikamba wa umri ule hakai mikono mitupu. Huchukua nyuzi za mkonge zilizokwanguliwa, hupandisha leso mpaka gotini, na kuzisokota kwa kiganja juu ya muundi wa mguu mpaka ziwe uzi mmoja, ambao baadaye hufuma kikapu. Mimi nilikuwa ndani nikiandika, dirisha liko wazi. Nilimsikia Syomiti akisema kwa Kikamba, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba ameacha kusokota. Mwenzake akamuuliza ni mikono? Akasema mikono iko sawa, ila siku hizi uzi unamwachia mtaro mguuni, na mtaro unakaa mpaka chai ichemke. Wakacheka. Mmoja akasema ni uzee, ngozi imekuwa unga wa ugali. Nilielewa kila neno. Nilidhani wanazungumza habari za ufundi, nikaendelea kuandika. Jumatatu nilimruhusu aende nyumbani na vidonge zaidi vya prednisolone, kwa sababu kitanda kilihitajika na sikuwa na wazo lingine. Aliondoka nyuma ya pikapu, juu ya magunia.

Wakati huo wote muuguzi mkuu wa wodi, Sista Ndunge, alikuwa likizo. Alirudi siku ileile Syomiti alipoondoka. Sista Ndunge alikuwa mwanamke mnene, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, mwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko la hospitali, na alikuwa amejitwika kazi ya kunilisha. Alijua mimi ni Mwislamu, akaninunulia sufuria yangu peke yangu, akaiandika Z kwa rangi ya kucha ili nisiwe na wasiwasi kilichopikwa humo kabla. Jumatano jioni, jua bado lipo, alinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na akakaa kwenye kigoda chake akisokota mkonge huku akinieleza habari za likizo. Nilikuwa nala na kutazama mguu wake. Kiganja kilipita juu ya muundi, uzi ukajisokota, akauondoa, na kwenye ngozi ukabaki mstari mwembamba ambao ulitoweka kabla sijatafuna. Akasokota tena. Mstari ukaja, ukaenda. Nikaacha kutafuna.

"Sista," nilisema, "hiyo alama ya uzi hukaa muda gani?"

"Alama gani? Hii? Haikai."

"Ikikaa mpaka chai ichemke?"

Alinitazama. "Ikikaa hivyo, huo mguu uko na maji. Ni nani?"

"Syomiti."

"Si uliangalia miguu yake?"

"Nilimuuliza."

"Ukimuuliza, nani alikuwa hapo?"

Nikasema mkwe wake. Nikasema nilimlazimisha asimame hapo. Nikamweleza hata methali yangu ya mficha uchi. Sista Ndunge aliweka nyuzi chini polepole. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. "Zuhura," alisema, "wewe umezaliwa Kitui. Hujui nthoni?" Nilijua. Kila mtoto wa Kitui anaijua, hata sisi tuliozungumza Kiswahili nyumbani: ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mama mkwe na mkwe wake, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja, na mwili wa mama hautajwi mbele ya mume wa bintiye. Ndiyo maana alipanda nyuma na magunia. Kiti cha mbele hakikuwa wazi hata kidogo, kilikuwa kando ya mkwe. Mimi nilikuwa nimeijua nthoni kama mtu anavyojua habari za harusi za watu wengine, na kwenye lango la hospitali nikaiacha nje pamoja na mbwa na wachuuzi. Niliogopa sana jioni ile. Niliogopa kwamba atakufa, na niliogopa, lazima niseme, kwamba watu watajua kwa nini.

Alhamisi asubuhi tulikwenda na Sista Ndunge kumtafuta, tukapanda kwa miguu kutoka stendi mpaka bomani kwake, mimi nikihema na kifua changu kizima. Tulimkuta jikoni. Moshi ulikuwa umetanda hadi machozi yakanitoka kabla ya salamu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea gunia la pojo, mto mmoja uliochakaa ameukumbatia mapajani, mdomo umekuwa wa rangi ya zambarau. Hapo ndipo alipolala, alituambia, tangu mwezi wa nne, ameketi hivyohivyo, kwa sababu akilala chini anazama. Nikamwambia karibu kwa kulia, "Mwaitu, lakini uliniambia unalalia mto mmoja." Akaniangalia kwa mshangao. "Si ni huu?" akasema. "Niko na mwingine wapi?" Sista Ndunge alicheka mpaka akashika ukuta, naye Syomiti akacheka nusu, pumzi ikakatika. Kisha Sista akafunga mlango, akampandisha leso bila kuomba ruhusa wala kutoa hotuba. Miguu ilikuwa imejaa mpaka magotini, inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu hadi tano, nikaondoa. Shimo likabaki pale likinitazama. Kando yake kulikuwa na mitaro miwili ya uzi wa asubuhi ile, maana hakuwa ameacha kusokota kabisa, alikuwa amejificha tu.

Tulimrudisha kwa pikapu ya Mutua. Sista Ndunge alilimaliza tatizo la kiti kwa kukaa katikati, na mwili wake ulivyokuwa, mama na mkwe hawakuonana hata pua. Wodini nilimpunguzia prednisolone, nikaanza dawa ya kutoa maji kupitia mkojo, na kwa sababu alikuwa na homa kidogo nikampa na ya kuua vijidudu, na oksijeni, na bila shaka tayari nilikuwa nimemwondoa kwenye moshi. Siku ya tatu miguu ilikuwa imenywea, ngozi imekunjamana. Siku ya tano nilifika saa moja asubuhi nikamkuta amelala ubavu, kichwa kwenye godoro, mto uko sakafuni. Nilishtuka, nikamgusa bega. Akafungua jicho moja. "Niache," alisema. "Leo nimelala kama mtu." Sidhani nimewahi kufurahi hivyo tena katika kazi hii. Na hata furaha yenyewe ilikuja na mkanganyiko wake, kwa sababu daktari mkuu alipokuja nilimuuliza ni nini kilichomponya, na akanihesabia kwa vidole mambo yote matano niliyoyafanya kwa pamoja. "Mapafu yakichoka moyo hubeba mzigo, halafu nao huchoka," alisema. "Ukimwona mgonjwa wameshaanguka wote wawili. Nani alianza, nani alimvuta mwenzake, mara nyingi hutajua." Nilitaka jibu moja. Nilikuwa na umri wa kutaka jibu moja.

Aliishi mpaka Novemba. Alikuja kliniki Agosti, Septemba na Oktoba, mara hizo amesindikizwa na Mbithe na kitoto mgongoni, na kila mara nilifunga mlango na kufunua miguu, naye akanitania kwamba sasa nimezidi, nitamwoa mimi. Aliniletea uzi aliosokota, kipande kirefu kama mkono, akanionyesha muundi wake: mstari ukaja, ukaenda. Kisha mvua za vuli zikaja kwa nguvu. Mbithe alikuja peke yake wiki ya pili ya mvua, ameloa, akaniambia kwamba wamemkuta asubuhi jikoni, ameketi kwenye kigoda, ameegemea gunia. Alikuwa amekohoa siku tatu. Na kwenye kopo la majani ya chai Mbithe alikuta vidonge vya kutoa maji, vya siku nyingi, havijamezwa. Choo chao kilikuwa ng'ambo ya bonde dogo, njia ilikuwa utelezi, na dawa ile humwamsha mtu mara tano. Hakuniambia. Au labda alianza kuniambia na mimi nikawa natazama miguu. Kwa hiyo sijui. Huenda vijidudu vya kifua ndivyo vilivyomwua, huenda maji, huenda miezi ile mitatu aliyokaa ameketi kabla sijafunua blanketi ilikuwa imeshaumaliza moyo wake na sisi tulimwazima tu muda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika habari hii sijui nani alikuwa anaficha. Tangu mwaka ule nimeona mashine za kupiga picha ya moyo unavyodunda, na vipimo vya damu ambavyo hatukuvijua, na bado kila msimu wa baridi anakuja mtu mwenye mapafu mabovu anayezidiwa, nami nasimama pale kitandani sijui ninasikiliza ugonjwa gani.

Hayo yote sikumwambia Mutua Jumanne, maana benchi lilikuwa linangoja. Nilifunga droo nikamwambia kwa ufupi. Nilisema ilikuwa vyote viwili, na kwamba sijui kipi kilimaliza. Nilisema kwamba mwezi ule wa Juni moyo ulikuwa tayari unashindwa na mimi sikuuona, kwa sababu nilimuuliza habari za miguu yake mbele ya mkwe wake, naye akakataa kwa heshima. "Si wewe," nilisema haraka. "Wewe ulitaka kutoka. Mimi ndiye niliyekushika pale." Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miaka yote, na nilipoyatoa yalikuwa mafupi.

Mutua alizungusha kifuniko cha chupa mkononi. Halafu akasema, "Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Miguu. Siku ile ya kwanza. Wakimshusha kwa pikapu kiatu kilianguka, nikainama kuokota. Nikaona mguu imefura, mkanda imeingia ndani ya nyama." Alisema akitazama ukuta, kama alivyotazama dirisha lile. "Nilikaa pale kwa mlango ya pikapu nikifikiria vile nitakuambia. Nitasema aje? Eti nimeona miguu ya mama mkwe? Na yeye mwenyewe ako hapo ananisikia? Sikuweza, daktari."

"Hata nje? Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Wewe ulikuwa msichana, na ulikuwa umeniharibia jina mbele ya watu." Akatabasamu kidogo. "Kwa hivyo jioni nikachukua hivyo viatu, nikapeleka kwa fundi Mbumbuni. Nikamwambia aongeze mikanda, aweke misumari mpya, ionekane. Asubuhi mapema nikamuomba mfagiaji aweke chini ya kitanda. Nikajiambia, daktari ni mtu amesoma. Nilidhani utaona viatu."

Nilikuwa nimeviona. Nilimwambia hivyo, kwamba niliviona, na kwamba nilivisogeza kwa mguu. Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, na nilijua kwamba hakuwa amekuja kunilaumu, alikuwa amekuja kuuliza kama alifanya vya kutosha. Niliangalia faili, mahali nilipoandika hapana robo saa iliyopita, kisha nikamwangalia yule mwanamke kijana aliyesimama nyuma yake. Nikamuuliza ni nani wake. Mutua akajibu badala yake. "Ni bibi ya kijana yangu."

Nikamwomba binti huyo atusubiri nje, na afunge mlango. Aliposhatoka nikazunguka meza, nikapiga magoti sakafuni, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi siku hizi, nikatazama viatu vya Mutua. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimepakwa rangi vizuri kwa ajili ya safari, na vyote viwili havikuwa na kamba.

"Umezitoa lini?" nilimuuliza.

"Tangu Pasaka," alisema.